Pikapu ya Mwanyumba

Job hakuwahi kuitaja ile pikapu kwa heshima. Aliiita "lile bati". Lilikuwa bati la Onyiego, mwanyumba wake, maana walikuwa wameoa mtu na dada yake: Onyiego alimwoa Phanice, Job akamwoa Lavender, mdogo wake. Lilikuwa limekanyaga barabara za Kisii na Nyamira tangu Job akivaa kaptura ya shule. Rangi yake ya samawati ilikwisha kuwa ya majivu, na mlango mmoja haukufungika mpaka uinuliwe kidogo. Lakini liliwaka. Asubuhi ya baridi, siku ya mvua, limebebeshwa ndizi hadi linachuchumaa, liliwaka, na hilo ndilo lililomkera Job kuliko kitu chochote.

Maana ukweni kwao, kule juu ya Birongo, kila shughuli ilikuwa na jina moja. Mbolea ya majani chai inachukuliwa? Mwiteni Onyiego. Ng'ombe wa mahari wanasafirishwa? Onyiego. Kuna msiba na mwili unatoka mochari? Onyiego ataendesha polepole mbele, na kesho yake watu watasimulia jinsi alivyojitolea. Job, afisa wa Sacco mjini, mwenye digrii na tai, alikumbukwa tu alipotakiwa mtu wa kuwashukuru wageni kwa Kiingereza. Ulikuwa wivu ule, wala hakuna haja ya kuuvisha koti.

Ndipo akanunua yake. Mpya, nyeupe, milango minne, viti vya ngozi, na skrini pana kama sinia. Siku aliyoifikisha nyumbani Mosocho aliizungusha sokoni mara tatu, eti anatafuta mche wa sabuni.

Nafasi ya kuionyesha ukweni ilikuja Mama Bathsheba, mama mkwe wao, alipofanyiwa upasuaji wa tumbo mjini Kisii. Akaruhusiwa kutoka siku ya Ijumaa. Ilibidi afike nyumbani kabla jua halijatua na Sabato kuingia, kwa sababu kwaya ya kanisa ilikuwa imepanga kumpokea langoni kwa nyimbo. Mtu wa kumshusha Mama pale, mbele ya ukoo mzima, ndiye angesifiwa mwaka mzima. Job aliitaka siku hiyo iwe yake. Mzee Manasseh, baba mkwe, alipotaja jina lile lile la kila siku, Job alikuwa na jibu mfukoni.

"Mzee, gari ya Onyiego iko na kiti moja tu," alimwambia kwa simu, sauti imelainika. "Mama atakaa aje bega kwa bega na mkwe wake? Hiyo si ni kuvunja chinsoni?"

Chinsoni ni ile heshima ya Wagusii inayomweka mkwe mbali na mama mkwe: hawagusani, hawabanani kwenye kiti kimoja. Mzee Manasseh alikubali kwamba kweli, hilo hakulifikiria. Job alikata simu akacheka peke yake ofisini.

Basi Ijumaa hiyo Mama alikaa kiti cha nyuma katikati ya mito, Lavender akimshika mkono, na Job mbele akiendesha kama aliyebeba mayai. Waliiacha lami vizuri. Mvua ikaanza. Walipofika chini ya mlima wa mwisho, ambao juu yake ndipo penye boma, taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Ikafuata nyekundu. Kengele ikalia, injini ikaishiwa nguvu, na gari likajizima katikati ya tope. Job alibonyeza kitufe cha kuwasha. Skrini ikamwandikia maneno. Akabonyeza tena, ikamwandikia yale yale.

Alimpigia fundi wa mjini.

"Hiyo mpaka isomwe na kompyuta, bosi," fundi alisema. "Na kesho ni Sabato. Tuseme Jumapili."

Nyuma, Mama alikuwa amejishika tumbo. Lavender ndiye aliyesema. "Job, jua inashuka."

Kisha wakasikia mlio. Job angeutambua hata usingizini. Bati lilipinda kona taratibu, limejaa viti vya wageni, Phanice amekaa pembeni ya mumewe. Onyiego aliteremka, akasimama mbali na dirisha la Mama kama inavyotakiwa, macho chini, akampa pole. Halafu akamgeukia Job. "Tuhamishe Mama kwa hii yangu, ndugu yangu. Mvua inazidi."

"Haiwezekani." Job aliruka kama aliyekanyaga moto. "Mama hawezi kukaa kiti moja na mkwe. Hata Mzee alisema hivyo."

Hebu mtazame. Mgonjwa ana nyuzi mbichi tumboni, baridi inamwingia, na mwanamume mwenye akili zake amesimama topeni akihubiri adabu ili tu mwenzake asionekane.

Onyiego hakubishana. Alimrushia mkewe funguo. "Sijasema ni mimi nitaendesha," alisema. "Phanice ndiye huenda Nyakoe kuchukua ndizi siku hizi. Mimi nitabaki hapa na wewe. Akiwafikisha atarudi na kamba."

Kwa Job, Lavender hakuwa ameruhusiwa hata kulisogeza gari uani. Sasa Job alimwona akimshika Mama kiunoni, akimpandisha, akiinua ule mlango kidogo ndipo akaufunga, kama aliyeuzoea. Wanawake watatu wakabanana kwenye kiti kimoja. Kabla hawajaondoka Lavender alichungulia dirishani, lakini hakumwangalia mumewe.

"Shemeji," alimwambia Onyiego, "hii gari na mimi utanifundisha?"

"Njoo Jumapili," Onyiego akajibu.

Neno hilo lilimchoma Job kuliko aibu ya gari. Bati likaanza kupanda. Phanice aliweka gia ndogo, magurudumu yakatafuna tope, sehemu ya nyuma ikateleza kidogo kuelekea mtaroni, ikarudi. Pale kwenye mwinuko mkali kupita yote injini ilishusha pumzi. Job alikuwa amekaza ngumi. Zima, alisema moyoni. Zima sasa. Zima hapo hapo, waone kwamba hata wewe ni chuma tu.

Halikuzima. Lilikohoa, likavuta, likapotelea juu nyuma ya migomba.

"Ulitaka izime?"

Job aligeuka. Onyiego alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimtiririka usoni, na hakuwa anatabasamu. Ndipo Job alipojua kwamba maneno yale hayakubaki moyoni.

"Mama alikuwa ndani," Onyiego alisema polepole. "Na Lavender yako."

Job alitamani Onyiego amtukane, au ampige, apate na yeye cha kumlaumu. Onyiego alifungua tu mlango wa gari jeupe, akakung'uta matope viatuni asichafue, akaingia. Job naye akaingia, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Wakakaa hivyo kwenye viti vya ngozi, hakuna anayemwangalia mwenziwe.

Vigelegele vilianza huko juu, kisha kwaya. Mama amefika. Job aliusikia wimbo wote, ubeti kwa ubeti, akawaza nani amemshika Mama mkono wakati akishuka.

Mwanga ukawa umeisha kwenye majani chai. Onyiego alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Sabato imeingia," alisema. "Anza wewe na maombi. Gari ni yako."

Job akafumba macho. Alitafuta neno la kwanza, lakini kila alipofungua kinywa, lililokuwa limekaa kwenye ulimi wake lilikuwa lile lile: zima.