Karatasi Isiyo na Jina

Tangu Jumanne Laurence alikuwa na hasira, na hasira zake zote zilimwangukia mtu asiyeweza kujibu. Mtu huyo alikuwa mama yake, Nyiransengimana, fundi wa nguo aliyewashonea nusu ya wanawake wa mitaa ya Katindo na Mapendo, na ambaye walimzika miaka minne iliyopita.

"Hii ni kazi gani hii, Mama?" alifoka peke yake mbele ya meza ya kukatia. "Mtu mzima anakata hivi?"

Jumamosi wakwe wangefika kutoka Rutshuru kuleta mahari ya Munezero, binti yake wa kwanza. Laurence alikuwa amemwahidi Munezero kwamba siku hiyo yeye mwenyewe, mama mtu, angevaa gauni lile lile alilovaa siku ya ubatizo wa binti huyo, lenye kola pana na mikono ya kupuliza, lililoshonwa na bibi yake. Lenyewe halikuwepo tena. Volkano ya 2002 ililimeza pamoja na nyumba, masufuria na kitanda. Nyiransengimana alitoka mle na kitu kimoja tu kichwani, furushi la karatasi zake za kukatia nguo, alizozitengeneza kwa mifuko ya simenti. Watu walimcheka njia nzima. Sasa furushi hilo lilikuwa la Laurence, na gauni lingeweza kuzaliwa upya. "Bibi yako atakuwepo," alimwambia Munezero, na msichana akalia kidogo.

Hata kitambaa kilipatikana. Katika soko la Virunga alikuta kipande kilichobaki kwenye jora la kitenge cha zamani, kijani chenye ndege weupe, kinafanana kabisa na kile cha ubatizo. Muuzaji alikitoa kwa bei ya kutupa kwa sababu jua lilikuwa limekipausha ukingo mmoja. Kingine hakuna, alisema, hata ukienda Kampala. Laurence alikitia kwenye mkoba haraka kabla muuzaji hajabadili mawazo, akautundika mkoba begani, nao ukamponyoka kama kawaida yake. Akawatukana Wachina waliotengeneza huo mkoba. Mikoba yote aliyowahi kununua ilikuwa mibovu hivyo hivyo.

Shida ilianza alipokunjua karatasi ya gauni hilo, aliyoitambua kwa kola yake pana. Kila fundi anajua kwamba karatasi ya kukatia huwa ya nusu mwili. Unakunja kitambaa mara mbili, unakata mara moja, ukikunjua unapata pande mbili zinazolingana. Karatasi nyingine zote za Nyiransengimana zilikuwa hivyo, na kila moja ilikuwa na jina la mteja kwa kalamu ya bluu: Mama Twagirimana, Madamu Balagizi, Uwamariya wa Mapendo. Hii ilikuwa ya mwili mzima, na haikuwa na jina la mtu yeyote.

"Hata kuandika jina alichoka," Laurence alinung'unika.

Akaikunja katikati ili akate kama watu wa kawaida, na hapo ndipo damu ilipompanda. Pande hazikulingana. Bega la kulia lilizidi la kushoto kwa upana wa kidole kizima. Mama yake, aliyekuwa akimpiga vidole kwa mita ya mbao akikosea nusu sentimita! Laurence alichukua mkasi, akakata kile kidole cha ziada, karatasi ikalingana. Akakata na kitambaa.

Juu ya sanamu ya kupimia gauni lilikaa vizuri mno, nyoofu pande zote. Ijumaa asubuhi akalivaa.

Kwapa la kulia lilimbana. Kola ilikimbilia shingoni upande mmoja, na pindo lilipanda kulia kana kwamba kuna mtu analivuta. Alifumua, akashona tena. Likawa baya zaidi. Akafumua tena, uzi ukakatika, sindano ikavunjika, umeme nao ukaenda. Alitamani kulitupa gauni ziwani. Kesho wakwe, kitambaa hakuna, na ahadi aliyompa mtoto inageuka uongo mbele ya macho yake.

"Karatasi ya mama yangu ni ya bure kabisa!" alipiga kelele.

Jeanine, mwenzake wa mashine ya pili, mama wa Bukavu asiyejua kupamba maneno, alikata uzi kwa meno.

"Mama Munezero, simama sawa."

"Niko nasimama sawa!"

"Basi haiko gauni njo mubaya. Bega yako ya kushoto iko chini."

"Bega yangu? Miaka makumi mbili niko napima mabega ya batu, sijue yangu?"

"Yako nani alishapima? Sakoshi yako, hii mukoba, kila siku inaanguka ku kushoto, unatukana Bachine ya bure."

Jeanine alichukua mita ya mbao, akailaza juu ya mabega yote mawili, akaweka kibiringo cha uzi katikati. Kibiringo kilibiringika upande wa kushoto, kikaanguka sakafuni, kikaenda hadi mlangoni. Wakakitazama wote wawili.

Laurence alikaa chini. Alikumbuka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mteremko, na jinsi alivyorushwa akiwa na miaka saba. Alikumbuka mkono wa kushoto uliofungwa kwa kitambaa wiki nyingi. Bega hakulikumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtajia. Tangu siku ile hadi mama yake alipokufa hakuwahi kuvaa gauni lililokatwa na mtu mwingine, na yote yalimkaa sawasawa, akadhani mwili wake ni kama wa watu wote. Baada ya mazishi alianza kuvaa nguo za mitumba, na akawa analaumu mitumba.

"Lakini kwa nini hakuandika jina?" aliuliza.

"Mutu anaandika jina ya mutoto wake sababu ya nini? Atamusahau?"

Hapo Laurence alilia kweli kweli, kwa uchungu na kwa aibu ya siku nne za matusi. "Mama, unisamehe," alisema. Kisha akapiga magoti chini ya meza, akapekua taka hadi akakipata kile kipande cha karatasi, chembamba, chenye alama ya kiatu chake. Alikigandisha mahali pake. Kutoka kwenye mabaki ya kitenge akakata kidole kimoja cha kitambaa, akakiunga juu ya bega la kulia. Ndege mmoja alikosa kichwa. Akalivaa gauni, na halikumvuta popote.

Jumamosi, baada ya hotuba na bia, mama mkwe wa Munezero alimsogelea, akagusa kile kiungo kwa kidole. Alikuwa mtu wa macho makali.

"Hapa kitambaa kilipunguka, mama?"

"Hapana, mama," Laurence alijibu. "Kilitosha tangu mwanzo. Ni mimi nilikata karatasi ya mama yangu."

Na mkoba wake, siku hiyo, alikuwa ameutundika bega la kulia.