Kupe Nyuma ya Goti

Kwa miaka kumi na moja Isack alikuwa msimamizi wa josho la kuogeshea ng'ombe huko Kilosa, Tanzania, na hakuna kitu alichokidharau duniani kama kupe. Kwa hiyo jioni moja ya Juni 1998, wakiwa wamehamia Marekani, mkewe Benadetha alipomwona kupe amemganda nyuma ya goti, Isack alicheka tu. Akamnyofoa kwa kucha, akampasua kwenye ukingo wa sinki.

"Mama Anitha, huyu anaua ndama, haui mtu," alisema. Alikuwa ametoka kukata nyasi mji wa Columbia, kwenye nyumba zilizopakana na msitu, na alichotaka ni chakula.

Wiki moja baadaye aliamka kichwa kikimpasuka, mwili unawaka moto. Mutai, Mkenya aliyefanya naye kazi, alipiga simu kuuliza mbona hakutokea.

"Hiyo ni malaria, shemeji," alimwambia Benadetha. "Si alikuwa nyumbani Tanzania Pasaka?"

Isack aliafiki, na Benadetha naye akaamini. Lakini siku ya tatu Isack alianza kutapika hata maji, Benadetha akampakia garini, wakatoka nyumbani kwao Riverdale Park hadi hospitali.

Daktari kijana aliposikia Tanzania, akaagiza damu ipimwe malaria. Haikuonekana. Basi ni mafua makali, alisema, anywe maji mengi na apumzike. Muuguzi akaleta karatasi ya ruhusa ili Benadetha atie sahihi.

Alikuwa ameinama akimvisha mumewe soksi alipoviona vidoa kwenye vifundo vya miguu. Kwa weusi wa Isack vilikuwa kama havipo. Lakini Benadetha alihudumia wazee, kazi yake ilikuwa kuwaogesha, na ngozi alijua kuisoma. Akaugeuza mkono wa mumewe kuelekea dirishani. Vidoa vilikuwepo kwenye kifundo cha mkono, vingine vimeanza kuingia kiganjani. Hapo ndipo yule kupe alipomjia akilini.

Akairudisha karatasi bila sahihi.

"Hatuondoki mpaka daktari aone hivi."

"Ameshamwona, mama," muuguzi alisema.

"Alimwona akiwa na soksi. Mume wangu aling'atwa na kupe siku kumi zilizopita. Andika hilo, tafadhali."

Kiingereza chake, ambacho kazini hakikumsumbua, kilimwia kizito mdomoni, na alijua fika anavyotazamwa: mwanamke mkorofi aliyekataa kuondoka. Isack alimvuta nguo, akanong'ona, "Twende tu nyumbani." Benadetha akavuta kiti, akakiweka kando ya kitanda, akaketi. Saa nzima alikaa hapo. Kila muuguzi alipopita, alirudia maneno yaleyale, bila kupaza sauti.

Mwishowe akaja daktari mwingine, mama wa makamo. Alibonyeza vidoa kimoja kimoja, akauliza Isack anafanya kazi wapi.

"Kuna homa ya madoadoa inayoletwa na kupe," alisema. "Majibu ya maabara huchukua siku kadhaa. Tukiyangoja, tutachelewa. Dawa tunaanza sasa hivi."

Aliitaja: doksisaiklini. Kesho yake alimwambia Benadetha pembeni kwamba ugonjwa huo, ukiachwa siku chache zaidi, huua.

Siku ya tatu ya dawa homa ilishuka. Isack aliomba uji, akanywa bakuli zima, kisha akakaa akitazama mikono yake.

"Kupe wote wa ng'ombe nawajua," alisema. "Huyu wa huku sikumjua."

"Sasa unamjua," Benadetha akamjibu.

Isack aliporudi nyumbani, alikuta sheria za mkewe. Suruali ichomekwe ndani ya soksi na kupuliziwa dawa. Kila jioni akitoka kazini, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia yenye moto, naye akaguliwe: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kupe akionekana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole. Asipasuliwe wala asichomwe moto, na tarehe iandikwe kwenye kalenda. Isack alizifuata zote.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, Benadetha alimpeleka mwenyewe. Mutai alikuwa akishusha mashine za nyasi kwenye lori.

"Na hizo soksi? Unaenda kucheza mpira?"

"Pandisha suruali yako nikukague," Isack alisema.

Mutai alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, aliweka chini alichoshika, akainama, akaanza kukunja suruali. Benadetha alingoja mpaka miguu yote miwili ilipokaguliwa, ndipo akawasha gari.