Sufuria ya Susu kwenye Gati la Shimoni

Ukijaliwa kupanda meli ya watalii, nakuusia jambo moja kabla ya mengine yote: usishuke katika bandari iliyo karibu na kwa mama mkwe wako. Mimi nilishuka. Namshukuru Mungu kwamba nilishuka, lakini wewe usinifuate.

Naitwa Muange. Kwa miaka ishirini na saba nilifua mashuka ya hoteli moja kule Diani, na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyosahauliwa vitandani. Nilipostaafu nilirudi shambani Kikoneni, kwenye ardhi ambayo wazazi wetu Wakamba waligawiwa zamani. Pale senta, kwenye maduka ya kijiji, watu huniamini kwa kila jambo, isipokuwa yale ninayoyasema.

Binti yetu Kavenya ni mhudumu wa vyumba katika meli ndogo ya watalii themanini. Mwaka huu wakubwa wake waliamua kwamba mfanyakazi aliyemaliza miaka miwili bila kosa awapandishe wazazi wake siku nne, bure. Basi mimi na mke wangu Mumbe tukapandia Mombasa, na begi moja na kipande cha tangawizi cha kutafuna bahari ikichafuka. Tangawizi usiidharau. Usiku ule bahari ilichafuka hata samaki wakawa wanagonga madirisha wakiomba waingie ndani. Mumbe alitafuna tangawizi yake akalala kama mtoto mchanga. Mimi niliyesema kwamba wanaume wa maji hatutafuni mizizi, nilikumbatia ndoo mpaka alfajiri.

Kulipokucha, meli ilikuwa imetia nanga mbele ya Shimoni. Fikiria mwenyewe: tumesafiri usiku kucha, tumetapika (nasema tumetapika, ingawa Mumbe hakutapika), ili tufike mahali ambapo kutoka nyumbani kwetu ni dakika arobaini kwa gari. Watalii wenzetu walikuwa wakielekeza darubini ufukweni na kushangilia minazi. Nami nikashangilia, nisionekane mshamba.

Mara Kavenya akaingia chumbani mbio, aproni bado kiunoni.

"Baba, Mama, nimepewa ruhusa! Kuanzia saa tano mpaka saa nane na nusu. Nataka nikamwone Susu."

Susu ndiye bibi kwa Kikamba. Susu wake ni Syovata, mama yake Mumbe, mwenye miaka tisini kasoro kidogo, naye anakaa ng'ambo ya shamba letu kule Kikoneni. Kavenya alikuwa hajamwona kwa miaka miwili. Mara ya mwisho walipoongea kwa simu, bibi alimwambia, "Wahi, mjukuu wangu. Macho haya yanafunga duka." Tangu siku hiyo mtoto alikuwa hapati usingizi mzuri.

"Na ukichelewa?" Mumbe akauliza.

"Lewis amesema boti ya mwisho ya wafanyakazi ni saa nane na nusu. Nikiikosa, mkataba wangu mpya hautiwi sahihi." Lewis ndiye msimamizi wao, kijana wa Voi asiyecheka.

Mumbe akaniangalia. Chini ya mlango tulikuwa tumesukumiwa karatasi ya maelekezo, naye alikuwa ameisoma mara mbili: abiria anayekwenda mbali na bandari kwa usafiri wake mwenyewe asitarajie kungojwa.

"Usijali," nikasema. "Nahodha ni rafiki yangu. Jana tumesalimiana."

"Alikusalimu akikuonyesha choo kilipo," akasema Mumbe.

Saa tano tukawa gatini. Tsuma, Mduruma mmoja ninayemfahamu tangu enzi za hoteli, akatupakia kwenye Probox yake. Hatukuweza kumpigia bibi simu; simu yake hukaa dukani ikichajiwa zaidi kuliko inavyokaa nyumbani. Tukamkuta ameketi kivulini mwa jiko lake akipukuchua mbaazi. Alipomwona Kavenya, ungo ukaanguka. Akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa paji, mashavu, kidevu, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake kimerudishwa kizima.

Haya yote niliyaona nikiwa nyuma ya jiko. Kwa Wakamba wa umri wetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Ndiyo heshima yenyewe. Nimemwoa Mumbe miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kusemezana na mama yake ana kwa ana. Kukiwa na neno, hupitia kwa Mumbe, hata kama sote watatu tunasikia.

"Mkamateni yule jogoo," akaamuru Syovata.

"Susu, sina muda. Nimekuja nikuone tu, unibariki, nirudi."

"Baraka huwekwa juu ya njaa? Miaka miwili, halafu unywe maji uende zako? Majirani waseme Syovata amemfukuza mjukuu wake?"

"Meli itaniacha, Susu."

"Meli ina mwenyewe, haina mwenyewe? Aambiwe angoje. Jogoo si ng'ombe."

Jogoo akachinjwa. Lo! Jogoo yule alikuwa na umri wa kupiga kura. Saa sita na nusu alikuwa mgumu. Saa saba alikuwa mgumu zaidi. Kuni ziliongezwa, chumvi ikaongezwa, uma ukapinda. Kila mara Kavenya alipotazama saa, bibi alimwuliza kama kule baharini wanamlisha, mbona mifupa ya shingo inaonekana.

Saa saba na dakika kumi Kavenya akamvuta mama yake kando, karibu na nilipojificha.

"Mama, nikiikosa boti, basi niikose," akasema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuondoka hajanibariki. Nisipomkuta tena je?" Machozi yakamtoka, akayafuta haraka kwa ncha ya leso.

Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wake, na ndiyo iliyotuezekea nyumba. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli. Mumbe akanigeukia mimi.

"Baba Kavenya, wewe mwenye maneno ya mwaka mzima, leo huna hata moja?"

Nikatafuta uongo, nikakosa. Sijui ulijificha wapi. Ikabidi nitumie akili.

"Mwambie mama," nikapaaza sauti kutoka nyuma ya jiko, "kwamba chakula ni chake, si cha mahali. Aje nacho gatini. Kiliwe pale, abariki pale, Kavenya atie mguu kwenye boti."

Kisha Syovata akajibu, akimwelekea Mumbe:

"Mwambie aliyesema hayo kwamba siingii gari moja na mkwe wangu. Chumba ni chumba, hata kikiwa na magurudumu."

"Mwambie nitakwenda kwa pikipiki."

"Na mwambie jogoo hajaiva."

"Aivie njiani!"

Hapo Tsuma akasimama mbele ya Probox yake, mikono ameitandaza. "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini moto haupandi gari langu. Nimetia viti vipya juzi."

Basi moto ukapanda pikipiki. Nilimwita Mwero, mtu mzima mwenzangu anayeendesha boda boda pale senta. Akalitazama jiko la makaa, akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Nimebeba mbuzi," akasema. "Nimebeba kitanda na godoro lake. Bibi harusi nimebeba. Jiko linalowaka, wallahi, sijabeba."

"Leo utapata cheo."

Jiko tukalifunga kwenye keria kwa waya, sufuria juu yake, kifuniko kikakazwa kwa waya vilevile. Mimi nikakaa katikati, mgongo wangu ukiwa ukuta wa jikoni. Gari likatangulia na wanawake watatu ndani, sisi tukafuata kwenye vumbi lao. Abiria wa meli, ukisikia watu wakikuambia usipande boda boda ukiwa bandarini kwa sababu ya ajali, waitikie tu. Hawajui lolote. Tatizo la boda boda ni mchuzi. Kila tuta lilinimwagia kijiko kimoja kiunoni, na upepo ulipuliza makaa yakawa mekundu kama macho ya chui. Mbwa wa vijiji vitatu walitufuata kwa harufu. Kabla ya kufika lami, Mwero akapiga kelele, "Mzee, kinachemka!" Nami nikajibu, "Najua, hata mimi nachemka!" Suruali ninayo mpaka leo. Asiyeamini na aje aione.

Saa nane na dakika nane tukaingia Shimoni. Lewis alikuwa amesimama kwenye lango la gati na orodha yake mkononi. Akalitazama jiko likifuka moshi.

"Chakula cha nje hakipandi boti," akasema. "Ni sheria."

"Hakipandi," akajibu Mumbe, akitandaza leso juu ya saruji. "Kinaishia hapa hapa."

Sufuria ikafunguliwa. Na Mungu ni mwema jamani: jogoo alikuwa ameiva! Nyama ilikuwa ikiachia mfupa yenyewe. Syovata akamkatia Kavenya paja, akamkalia mbele, akamtazama akitafuna mpaka tonge la mwisho. Firigisi, ambayo ni haki ya mwanamume, aliiweka kwenye kifuniko akampa Mumbe, naye akaniletea mimi nyuma ya pikipiki, nikaila nimewapa mgongo. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na nimefanya kazi hotelini. Lewis naye akapewa bawa. Alilikataa kwa mdomo, akalipokea kwa mkono.

Saa nane na dakika ishirini na mbili Syovata akanywa funda la maji. Kavenya akapiga magoti. Bibi akampulizia yale maji kifuani, ndivyo tunavyobariki, manyunyu madogo kama ya asubuhi, akasema maneno yake ya Kikamba polepole, bila kuruka hata moja, huku injini ya boti ikinguruma. Lewis aliitazama saa yake mara moja tu. Kisha akavua kofia.

"Nenda," Syovata akamwambia mjukuu wake. "Sasa meli ikuchukue. Nilikuwa sijamaliza, sasa nimemaliza."

Kavenya akashuka ngazi akilia na kucheka. Lewis akatia alama mbele ya jina lake: saa nane na dakika ishirini na nane. Boti ikaondoka naye, akipunga mkono wenye mafuta.

Mimi na Mumbe boti yetu ilikuwa saa tisa, pamoja na abiria wengine. Nao wakaanza kurudi, wengine kutoka Wasini, wengine kutoka Kibuyuni walikoonyeshwa mashamba ya mwani, wamevaa kofia pana, wamekuwa wekundu kama kamba waliochemshwa. Wakajipanga foleni kwenye gati.

"Hawa ndio wageni ambao Kavenya huwatandikia?" Syovata akamwuliza Mumbe.

"Ndio hao, mama."

Bibi akainuka, akajifuta kidogo tu, akaenda mwanzo wa foleni. Akashika mkono wa wa kwanza kwa mikono yake miwili. "Ni muvea," akamwambia, ndiyo asante ya kwetu. Asante kwa kukaa na mtoto wangu. Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Hakuna aliyefahamu neno, na hakuna aliyeuvuta mkono wake. Mama mmoja mwenye mvi alimkumbatia. Akawamaliza wote, na wote wakapanda boti mikono ikinukia mchuzi wa kuku.

Mwisho wa foleni nilikuwa nimesimama mimi, suruali imekauka mafuta, sina pa kujificha. Mbele maji, nyuma jiko. Syovata akafika hatua mbili kutoka kwangu, akasimama. Akageuza uso akatazama bahari, nami nikatazama viatu vyangu.

"Mumbe," akasema, "mwambie na huyu, ni muvea sana."

Na Mumbe akaniambia.