Mateka wa Mtawa Thavy

Risasi zilianza kumiminika kutoka msituni matembezi ya amani yakiwa yameshavuka daraja. Watu wakajitupa mtaroni. Thavy, bibi wa Kibudha mwenye nguo nyeupe aliyeingia utawa baada ya wanawe kuuawa vitani, aliangukia maiti ya mtawa mzee Saroeun, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa akimtania kwamba anatembea kama bata.

Saroeun ndiye aliyewasihi askari wa serikali wasiwasindikize. "Bunduki zenu ndizo zitakazotuletea risasi," aliwaambia. Kapteni Vibol akacheka, akawachomeka watu wake katikati ya msafara.

Milio ilipokoma, Vibol alitokea akimburura kwa nywele mwasi mmoja aliyechanika paja. Akambwaga barabarani, akakoki bunduki.

Thavy akatoka mtaroni mbio, akamlalia yule mtu.

"Toka hapo, bibi! Hawa si ndio waliowaua wanao?"

"Ndio hao hao. Ningekuwa na meno ningemtafuna koo. Lakini humuui mbele yangu."

Kitako cha bunduki kikamshukia begani, mfupa ukavunjika. Cha pili kikampasua juu ya jicho. Damu yake ikamchuruzikia mwasi shingoni.

"Mama," mwasi alikoroma, "waache wanimalize."

"Nyamaza wewe! Unadhani nakupenda?"

Mwanamke mmoja wa kijijini akatambaa kutoka mtaroni, akaketi kando yao. Wakamfuata wengine, wakawazunguka. Vibol akafyatua risasi chini, kokoto zikawarukia usoni. Wakalia kwa hofu, lakini hakuinuka mtu.

"Afande," askari wake mmoja alisema, "mama yangu yumo humo."

Vibol alimzaba kofi, akatema mate, akaamuru watu wake waondoke.

Walimbeba mwasi kwa machela. Akakata roho kabla ya kufika hospitali. Thavy alimfumba macho, kisha akatapika kando ya njia.

Asubuhi waliuchoma mwili wa mwasi pamoja na wa Saroeun kwa desturi yao ya mazishi, ingawa wengi walinung'unika, wakaendelea na safari bila askari. Kijiji kilichofuata kilikuwa cha waasi. Wanawake walikuwa wamepiga magoti pembeni mwa barabara na ndoo za maji, wakingoja kubarikiwa. Thavy alichovya kitawi cha majani ndooni kwa mkono uliobaki mzima, akawanyunyizia mmoja mmoja. Hakuweza kuwatazama usoni mama hao wa watu waliowaua wanawe.