Mgonjwa Anasema Hajambo

Sanamu la mazoezi lilipasuka kifua asubuhi ya mtihani, Mama Hatua akapanda kitandani badala yake.

Wanafunzi wa uuguzi ndio waliompa jina hilo. Kwake kila kitu kilikuwa hatua: kunawa mikono, kusalimu, hata kutabasamu. Wala hakulichukia. Wanafunzi wake walifaulu kuliko wa mwalimu mwingine yeyote chuoni, naye hakuwa mchoyo wa sifa. "Vizuri sana, endelea," aliwaambia, nao wakaondoka mbele yake vifua mbele.

Alijifunika shuka. Mwalimu mwenzake, bwana mmoja mpole mpenda utani, akaketi pembeni na karatasi ya alama.

"Usije ukakoroma tu," alimwambia. "Sanamu letu lilikuwa na adabu."

Mama Hatua alicheka. Alikuwa amejidunga sindano yake ya kisukari alfajiri, kama kawaida, lakini purukushani za sanamu zilimsahaulisha kifungua kinywa.

Akaingia Kinara, binti ambaye hakuwahi kushika nafasi ya pili. Alinawa, akaweka trei, akavuta pazia.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye muuguzi wako leo. Naomba nikupime presha."

Mama Hatua alitaka kuitikia, ulimi ukagoma. Jasho la baridi lilikuwa limeanza kumtiririka shingoni, na vidole vilitetemeka chini ya shuka. Alijua papo hapo kilichompata. Alifungua kinywa aseme "sukari", ikatoka pumzi tupu.

"Mgonjwa ameitikia," Kinara alisema kwa sauti safi, macho ukutani. "Namuuliza anajisikiaje. Mgonjwa anasema hajambo."

Kalamu ya mwenzake ikaweka alama ya vema.

Mama Hatua akamkodolea binti macho. Yakakutana na yake, na Kinara akatabasamu, kwa kuwa hapo ndipo pa kutabasamu. Kisha akaupangusa mkono uliolowa jasho ili mkanda wa presha usiteleze, akaufunga.

"Namweleza mgonjwa kila ninachofanya. Mgonjwa anaridhia."

Hofu ya kufa ilimpitia mwilini, lakini haikumshtua kama ile sauti. Kila neno lilikuwa lake. Sanamu halisemi, na ni yeye aliyewazoesha kulijibia, mwaka baada ya mwaka, mpaka majibu yakawa matamu kuliko maswali. Sasa yeye ndiye amelala pale, na jibu lake lilikwisha kutolewa.

Mkono wake uliokuwa huru ukaipiga trei. Vyuma vilipotawanyika sakafuni ndipo mwenzake alipoinua kichwa, akamwona uso, akaruka. Alihakikisha kwanza kuwa anaweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko.

Sauti iliporudi, Mama Hatua alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kinara alisimama ukutani, glovu bado mikononi.

"Nimefeli, mwalimu?"

"Hatua zote kazipata," mwenzake alijibu kwa sauti ndogo, kama mtu aliyefumaniwa.

Ile kauli ya siku zote ilimjia Mama Hatua mdomoni yenyewe. Akaimeza.

"Uliniona natoka jasho?"

"Nilikuona."

"Ukafikiri nini?"

Binti alivuta glovu kidole kimoja kimoja. "Nilifikiri unaigiza, unipoteze. Halafu nikaogopa. Nikajiambia nikisimama, nitasahau kinachofuata."

"Mkanda umeufunga sawasawa. Lakini uliniuliza swali, hukungoja jibu. Na pale ulipoogopa, ulikuwa umeona kweli. Ungesimama pale pale, ukaacha vyote, ukaniangalia mimi."

Hakuwahi kumwambia mwanafunzi maneno ya namna hiyo. Kinara aliyasikiliza bila kulia, akiitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeyapanga mahali pake.

"Nitamwambia na dada," alisema mwishowe.

"Dada yupi?"

"Dada yangu. Ulimfundisha kabla yangu. Yeye ndiye aliyenifanyisha mazoezi nyumbani, akaniambia majibu ya mgonjwa niyatoe harakaharaka, nisipoteze muda."

"Yuko wapi sasa?"

"Hapo ng'ambo ya barabara, hospitalini. Ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga."

Mama Hatua akashuka kitandani kabla miguu haijapata nguvu. Mwenzake alimdaka kiwiko, akamuuliza anakwenda wapi. Mama Hatua alikuwa tayari amepiga magoti, akipapasa chini ya kitanda kwa mikono yote miwili, akitafuta viatu vilivyokuwa mbele ya macho yake.