Mwandiko wa Fundi wa Kola

Katika chumba changu cha ushonaji hapakuwa na asiyejua kusoma. Mafundi walikuwa thelathini na mmoja, na tisa kati yao niliwafundisha herufi mimi mwenyewe, baada ya kazi, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nami nilizipata ukubwani, katika darasa la jioni. Nilijivunia hilo kuliko cheo cha usimamizi.

Mwaka ule mafundi wawili walikuwa wameacha kazi. Mkurugenzi akaniita, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba wa tatu akiondoka, nami nifunge virago. Kisha akatupeleka wasimamizi wote sita kwenye mafunzo, palepale kiwandani, katika chumba cha mikutano.

Mkufunzi alikuwa binti wa rika la kitindamimba wangu. Alitufundisha kumsikiliza mfanyakazi kabla hajatuchoka. Siku ya pili alileta kisanduku cha vikaratasi. Mafundi walikuwa wameulizwa nini kingewafanya waondoke, wakaandika bila majina ili wasiogope. Kila msimamizi akachomoa kimoja cha chumba chake, akisome kwa sauti.

Changu kilisema: "Akisimama nyuma yangu mikono inakufa ganzi. Jumamosi siji tena."

Msimamizi wa stoo akanitania kwamba kumbe mzee ni chui. Wenzake wakacheka. Mimi nilikitazama tena kile kikaratasi. Ile f niliifahamu; mkia wake haukuwahi kunyooka, hata nilipomshika mkono mwenyewe. Aliyeandika ni fundi wa kola, mtoto wa marehemu dada yangu.

Alhamisi nilikwenda kuzungumza naye kama tulivyofundishwa: kaa ubavuni, uliza, kisha nyamaza. Nilipovuta kiti, mabega yalimpanda. Nikamuuliza nini kingemfanya abaki. Akaendelea kushona. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusahihisha, na woga ulinizidi. Nikamwambia, nikidhani namtuliza, kwamba hana haja ya kujificha, mwandiko wake naujua.

Mashine yake ikasimama. Na za jirani zake.

"Mjomba, kwa hiyo na wenzangu umewajua?"

"Nimeona kimoja tu."

"Nani atakuamini? Mikono yetu umeishika wewe. Safari nyingine tuandike na nini, miguu?"

Hakuna aliyecheka. Nilitazama chumba kile na kwa mara ya kwanza nikaona nyuso zinazosubiri kuadhibiwa.

Nikamfuata mkufunzi, nikamweleza yote, nikamwomba avichane vikaratasi vya chumba changu mbele ya mafundi kabla sijaviona vilivyobaki. Akaniuliza mkurugenzi, anayevisubiri, ataambiwa nini. Nikasema nitamwambia mimi, na nikamwambia siku hiyohiyo. Alinijibu kwamba tutaonana Jumamosi.

Ijumaa vikachanwa. Mafundi walitazama, kisha wakarudi kwenye mashine zao.

Jumamosi asubuhi nilisimama mlangoni, nikiwahesabu. Walipita thelathini. Kengele ikalia, kiti cha fundi wa kola kikiwa kitupu. Juu ya ngazi nikasikia mlango wa mkurugenzi ukifunguliwa.

Ndipo akaingia, bila salamu, akaketi, akachukua kola ya kwanza.

Nilikuwa na vipimo vipya vya kumpa. Sikuthubutu kumsogelea. Nikamtuma fundi wa vifungo, nami nikabaki palepale mlangoni, nikiogopa hata kukohoa.