Picha Nne za Jua

Shemeji yangu Kanjiro haombi. Anachukua, kisha anangoja umshukuru. Nawaambia mapema, msije mkasema mimi ndiye mkorofi.

Mdogo wake, Shinsaku, alikuwa mume wangu. Alikufa Novemba, gogo lilimwangukia kwenye kiwanda cha mbao. Akafa bila picha. Kamera alikuwa nayo, ndogo, ya bei rahisi, lakini ndiye aliyeishika siku zote; sasa nani ampige yeye? Siku ya mazishi ikabidi mpiga picha wa mjini atoe uso wake kwenye picha ya harusi ya watu, uso mdogo kama punje ya haragwe, aukuze, kisha amchoree joho jeusi lenye nembo za ukoo. Shinsaku hakuwahi kuwa na joho! Miezi minane, kwenye madhabahu ya wafu pale nyumbani, nilimwekea wali na kumfukizia ubani mtu mwenye kichwa cha mume wangu na mabega ya mtu baki, amenuna kama karani wa kodi.

Lakini ndani ya kamera alikuwemo mwenyewe. Oktoba nilimpokonya pale uani nikampiga anacheka, mdomo wazi, jino la pembeni limepinda. Ilikuwa picha ya thelathini na mbili. Na kwetu Abashiri hakuna anayepeleka filamu kusafishwa haijafika thelathini na sita.

"Nne zilizobaki usiziguse, Tomie," aliniambia. "Ni za jua."

Mji mzima ulijua kwamba Julai ya 1963 jua litapatwa juu ya vichwa vyetu. Wala si jua alilolitaka. "Jua watapiga wenye mitambo," alisema. "Mimi nataka watu walivyoduwaa."

Basi nikangoja. Nipige nne zake, nisafishe, nimwondoe yule karani madhabahuni, nimrudishe mume wangu.

Wiki moja kabla, Kanjiro akaibeba kamera. Eti anaifuta lenzi. Naishi kwake, ningesema nini?

Alfajiri yenyewe nusu ya mji ilikuwa kilimani nyuma ya shule, na mablanketi, na matonge ya wali, na chai kwenye chupa. Kanjiro, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa na bati la biskuti, anagawa kadi zilizotobolewa dirisha na kubandikwa vipande vya filamu nyeusi, za kulitazamia jua.

"Chukueni! Mtaa mzima, bure!"

Akanirudishia kamera. Nikaangalia namba ya picha. Ilikuwa moja.

"Shemeji, mbona inasoma moja?"

"Nimekuwekea filamu mpya! Ile kuukuu ilishaoza humo. Gazeti limesema filamu ukiianika juani kisha ukaisafisha, inakuwa nyeusi tii, macho hayaumii. Nikaivuta yote, nikaianika uani. Si unaona ilivyokolea?"

Uani. Palepale alipochekea.

"Shinsaku alikuwa humo," nikasema.

"Humo wapi?"

"Humo! Kwenye bati lako la biskuti! Umemkatakata mdogo wako ukamgawa mtaa mzima!"

Kanjiro akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Tomie, punguza sauti. Ungesema basi."

"Ungeuliza!"

"Picha yake si ipo nyumbani?"

"Ile ni picha ya joho! Mimi sikuolewa na joho!"

Jirani yetu, Mama Otsuru, alikuwa na kadi machoni. Akaishusha taratibu, akanijia, akanipa kwa mikono miwili huku ameinama. Na mwingine akaja. Na mwingine. Nikabaki na lundo la kadi nyeusi kifuani, na mwanga ukaanza kuwa wa kijivu.

"Piga jua, Tomie!" Kanjiro akapayuka. "Linaisha!"

Nikaziweka kadi chini, nikamgeuzia kamera yeye.

"Jua lina watu wake. Simama hapohapo. Siku yako ikifika tusihangaike kukutafutia joho."

Nikampiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Giza likaingia, watu wakapiga mayowe. Mimi sikutazama juu.

Siku hiyohiyo nikaipeleka filamu kwa mpiga picha yuleyule. Akashangaa, nne tu? Nikamwambia asafishe, asinichoshe. Tatu zilikuwa ukungu mtupu. Ya nne ilitoka: Kanjiro na bati lake, mdomo wazi, ameshindwa kuufunga. Na jino la pembeni limepinda, upande uleule. Miaka sita katika nyumba yake, mwanamume yule hajawahi kucheka mbele yangu, ningelijuaje jino lake?

"Huyu ndiye marehemu?" mpiga picha akauliza.

"Bado."

"Nimchoree joho?"

"Thubutu."

Nimeiweka madhabahuni, mbele ya yule karani. Kumweka mtu hai pale ni mkosi, hata mtoto anajua, na Mama Otsuru amenisihi kwa machozi. Sisikii. Kila asubuhi Kanjiro anapiga magoti kumwombea mdogo wake, anainua macho, anajikuta anajitazama mwenyewe na mdomo wa Shinsaku. Anakohoa, anaondoka, chai haimalizi. Akiniomba niitoe, nitaitoa siku hiyohiyo.

Lakini Kanjiro haombi.